Kabla ya Ncha ya Kusini alipita Turkana: Fuchs na safari ya siku 99 kwenye barafu

Kuna mmoja wenu aliuliza hapa, hivi hawa watu wanaokwenda kukaa Antaktika kwenye barafu wanatafuta nini kule, na habari zao zinatuhusu nini sisi wa huku? Swali zuri sana. Nimeona nisijibu kwa kumwaga majina mia na tarehe mia, bali nimfuate mtu mmoja tu, kwa sababu mtu huyo kabla hajavuka bara zima la barafu alipita kwetu: Olduvai, Ziwa Turkana, Ziwa Rukwa. Anaitwa Vivian Fuchs, Mwingereza, mtaalamu wa miamba. Mimi nimemaliza kidato cha nne bila kulisikia jina lake hata siku moja, na jiografia nilikuwa naipenda!

Kwanza tuelewane kuhusu mahali penyewe, maana wengi tunachanganya. Kule Ncha ya Kaskazini ni bahari iliyoganda. Kusini ni tofauti, Antaktika ni bara kamili, lina ardhi na milima, ila limefunikwa na barafu yenye unene wa karibu kilomita mbili kwa wastani. Ukubwa wake ni kama kilomita za mraba milioni 14, yaani Tanzania mara 14 na ushee. Hakuna wenyeji, hakuna aliyezaliwa na babu yake kule. Baridi yake si ya Njombe wala Limuru: Julai 21, 1983 kituo cha Warusi cha Vostok kilipima nyuzi 89.2 chini ya sifuri.

Watu wengi wakisikia Ncha ya Kusini wanakumbuka mbio za Amundsen na Scott. Nipite haraka. Roald Amundsen wa Norway alifika Desemba 14, 1911 akitumia mbwa wa kuvuta sleji (yale magari ya kuteleza kwenye theluji). Mwingereza Robert Scott akafika na wenzake wanne Januari 17, 1912, akakuta hema na bendera ya Norway. Wakati wa kurudi wote watano wakafa. Hadithi hiyo imeshasimuliwa mpaka imechuja.

Lakini kuna kipande ambacho mimi ndicho kilinishika. Novemba 1912 wenzao walipolikuta hema lenye miili mitatu, wakiwamo Scott na Dk. Edward Wilson, walikuta pia mawe. Kilo kama 16 za mawe! Watu wana njaa, miguu imeganda, wanavuta sleji kwa mikono yao, na mawe hawakuyatupa. Ndani ya mawe yale mlikuwa na alama za majani ya mti wa kale uitwao Glossopteris. Mti huohuo umeacha alama India, Australia, Amerika Kusini na Afrika, na makaa ya mawe ya bonde la Ruhuhu huku kusini mwa Tanzania ni ya zama zake. Yaani yalikuwa ushahidi kwamba Antaktika iliwahi kuwa na misitu, na kwamba mabara haya yaliwahi kushikana. Amundsen alishinda mbio, hilo halina ubishi. Ila ukiniuliza ni mzigo gani uliorudi na thamani kubwa zaidi, mimi nitakuonyesha yale mawe.

Sasa baada ya ncha kufikiwa, likabaki jambo moja kubwa: kulivuka bara lote kutoka bahari hadi bahari. Ernest Shackleton alijaribu mwaka 1914. Meli yake Endurance ikabanwa na barafu kwenye Bahari ya Weddell, ikavunjwa, ikazama Novemba 1915. (Ilikuja kuonekana Machi 2022, imekaa chini ya maji kina cha mita 3,008.) Watu wote 28 waliokuwa nayo waliokoka, na huwa wanasifiwa kwa hilo. Kinachosahaulika ni kundi la pili, lile lililotumwa upande wa pili wa bara, Bahari ya Ross, kumwekea Shackleton akiba za chakula njiani. Wale waliziweka kweli, kwa taabu isiyosemeka, na watatu wakafa. Chakula walichokiwekea mtu ambaye hakuja.

Kwenye Endurance alikuwamo kijana wa miamba, James Wordie. Yeye alikuja kuwa mwalimu Cambridge, na mmoja wa wanafunzi wake ndiye huyu Fuchs wetu, aliyezaliwa mwaka 1908 kwa baba Mjerumani na mama Mwingereza. Mwaka 1929 Wordie alimchukua mwanafunzi wake hadi Greenland. Hapo ndipo alipoonja barafu mara ya kwanza. Halafu akaja Afrika, akakaa nayo karibu miaka kumi.

Mwaka 1930 hadi 1931 alikuwa kwenye msafara wa Cambridge wa kuchunguza maziwa ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo wa 1931 akawa na Louis Leakey kule Olduvai. Swali lake lilikuwa ni maji. Alitaka kujua maziwa ya Bonde la Ufa zamani yalikuwa makubwa kiasi gani, yalipungua lini, na hali ya hewa ilibadilikaje. Ukiangalia vizuri, ni swali lilelile ambalo wanasayansi wa barafu wanaliuliza mpaka leo, ila wao wanalisoma kwenye barafu badala ya kulisoma kwenye matope ya ziwa.

Mwaka 1934 akarudi akiwa kiongozi wa msafara wake mwenyewe, Ziwa Rudolf, ndilo Turkana la leo. Ndani ya ziwa lile kuna kisiwa cha kusini, unakiona ukiwa ufukweni Loiyangalani. Wanaolijua ziwa lile wanajua upepo wake, unaweza kuamka ghafla ukageuza maji kuwa bahari. Julai mwaka huo vijana wawili wa msafara, Martin Sheppard na Dk. W. S. Dyson, walivuka kwenda kisiwani kukichunguza. Hawakurudi. Walitafutwa, na miili yao haijapatikana hadi leo. Fuchs alikuwa na miaka 26 tu, na tayari alikuwa ameshapoteza watu wawili waliokuwa chini yake.

Nalisema hili kwa sababu ukisoma sifa zake za baadaye, kwamba ni mgumu, kwamba akishapanga habadiliki, kwamba anahesabu kila pipa la mafuta, watu wanasema ni tabia ya kizungu tu. Mimi nadhani Turkana ilikuwa na mkono wake pale. Hayo ni maoni yangu, mnaruhusiwa kubisha.

Mwaka 1937 hadi 1938 alikuwa Rukwa, huku kwetu Tanganyika ya wakati ule. Vita Kuu ya Pili ikaja, akapelekwa Afrika Magharibi na baadaye Ulaya. Vita vilipokwisha akaajiriwa na idara ya Uingereza iliyokuwa inaweka vituo Antaktika. Akaenda kwenye kisiwa kidogo kiitwacho Stonington. Meli ya kuwachukua ilipokuja barafu ikaizuia, ikabidi wakae mwaka mwingine. Mkiwa mmefungiwa hivyo mtafanya nini? Yeye alikaa kwenye hema akipanga safari ile ya Shackleton.

Safari yenyewe ikaja kuitwa Msafara wa Jumuiya ya Madola wa Kuvuka Antaktika, 1955 hadi 1958. Mpango ulikuwa uleule wa Shackleton: Fuchs aanzie Bahari ya Weddell, na kundi la pili lianzie Bahari ya Ross kumwekea akiba. Kundi la pili lilikuwa la New Zealand, na kiongozi wake si mwingine bali Edmund Hillary, yule aliyepanda Everest na Tenzing Norgay mwaka 1953.

Mwanzo wake ulikuwa mbaya jamani. Meli ya kwanza, Theron, ilibanwa na barafu karibu mwezi mzima kama Endurance, bahati yake ikachomoka. Ikashusha watu wanane na mizigo haraka haraka mapema mwaka 1956, ikakimbia kabla bahari haijafunga. Mizigo ikawa imepangwa juu ya barafu ya bahari ikisubiri kuvutwa. Ikaja dhoruba, barafu ikakatika, ikaondoka na mafuta, makaa na hata trekta. Wale wanane wakabaki na nyumba ambayo haijajengwa. Wakaishi ndani ya sanduku! Sanduku la mbao lililosafirishiwa gari mojawapo, ndilo likawa jiko na sebule, usiku wanalala kwenye mahema, majira ya giza ambapo jua halichomozi kabisa. Wakaijenga nyumba polepole, na wakatoka wazima wote wanane. Kiongozi wao pale aliitwa Ken Blaiklock. Hana sanamu kubwa wala filamu, lakini kwangu mimi huyu ndiye mwanaume wa msafara.

Novemba 24, 1957 Fuchs akaondoka. Watu 12 kwa jumla, magari yenye minyororo kama katapila, manne yakiwa ya aina ya Sno-Cat, na makundi mawili ya mbwa ya kutangulia kuonyesha njia. Hatari yake ni nyufa. Barafu ina mipasuko ya kina kikubwa, na juu yake theluji imetanda kama mkeka juu ya shimo. Unaendesha, unaona kweupe tu, mara gari limening'inia. Kuna picha maarufu ya Sno-Cat ya Fuchs mwenyewe imekaa juu ya ufa, pua upande huu, mkia upande ule, katikati hakuna kitu. Iligharimu karibu mwezi mzima kufika kituo chao cha ndani, South Ice, mwendo ambao kwa ndege ni saa chache. Wakaondoka pale siku ya Krismasi.

Sasa kilichokuwa kinawachelewesha si nyufa peke yake. Walikuwa wanasimama kupima, na ndipo nafika kwenye swali la mdau. Wanachimba shimo kwenye barafu, wanatia baruti, wanalipua. Mtetemo unashuka hadi kwenye mwamba, unagonga, unarudi juu kama mwangwi, na chombo kinaandika umechukua muda gani. Ndani ya barafu unakwenda karibu mita 3,800 kwa sekunde, kwa hiyo ukirudi baada ya sekunde moja na nusu hivi, unajua chini yako kuna barafu ya kilomita mbili na mita mia nane na kitu. Hesabu ya darasa la saba kabisa. Ila uifanye kwenye baridi ya kugandisha mate, halafu ukusanye vitu, uendeshe, usimame tena, ulipue tena, kutoka bahari hadi bahari. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa amekata bara lile kwa vipimo namna hiyo na kuonyesha ardhi iliyo chini ya barafu.

Upande wa pili Hillary hakuwa na kazi nzito ya kupima. Kazi yake ilikuwa akiba. Alikuwa na matrekta ya Ferguson, madogo yale ya shambani, wakayafunga minyororo na turubai la kuzuia upepo, basi. Akaweka akiba ya mwisho, iliyoitwa Depot 700 kwa kuwa ilikuwa maili 700 kutoka kituo chake. Pale kazi ilikuwa imekwisha. Lakini ncha ilibaki kilomita kama 800, Fuchs bado yuko mbali, matrekta yanakwenda... Hillary akaendelea. Januari 4, 1958 akafika Ncha ya Kusini, wa kwanza kufika kwa nchi kavu tangu Scott, na wa kwanza kabisa kwa magari. Pale kulikuwa na kituo cha Wamarekani tayari, wao walikuwa wanafika kwa ndege tangu Oktoba 1956.

Basi magazeti ya dunia yakapata ubuyu. Mbio mpya! Amundsen na Scott wa pili! Hillary akaongeza mafuta kwenye moto kwa kumtumia Fuchs ujumbe akimshauri asimame pale nchani, arudi kwa ndege, amalizie mwaka unaofuata, kwa sababu majira ya baridi yanakaribia. Ujumbe ukavuja kwa waandishi. Fuchs akajibu kwamba hasimami, anaendelea kama alivyopanga. Akafika nchani Januari 19, na siku tano baadaye akaondoka.

Nani alikuwa sahihi? Kwenye mitandao ya watu wa milima utakuta wanabishana mpaka leo. Hillary hakuwa mjinga, hofu yake ilikuwa ya kweli, maana Scott alikufa Machi. Tena bila akiba zake Fuchs asingetoboa. Lakini sikubaliani na wanaosema Fuchs alikuwa mzee mzito aliyeshindwa na matrekta. Mtu anayesimama kupima hawezi kushindana na mtu ambaye kazi yake ni kuendesha tu. Hawakuwa kwenye mashindano mamoja. Na kama angesimama nchani, ule mstari wa vipimo ungekatika katikati.

Nusu ya pili karibu imuue mtu. Geoffrey Pratt, ndiye aliyekuwa mhusika wa milipuko na vipimo vya mwangwi, alizimia kwa moshi wenye sumu wa injini uliokuwa unaingia ndani ya gari lake. Hewa ya oksijeni ikadondoshwa na ndege za Wamarekani, akapona. Hillary naye akapanda ndege hadi Depot 700, akajiunga na Fuchs na kumwongoza sehemu iliyobaki. Machi 2, 1958 Sno-Cat zote nne zikaingia Scott Base. Kilomita 3,473 kwa siku 99. Fuchs alikuwa amekadiria siku 100!

Sasa sehemu inayotuhusu. Safari ile iliangukia kwenye Mwaka wa Kimataifa wa Jiofizikia, ulioanza Julai 1957 ukaisha Desemba 1958. Nchi 12 zilikuwa na vituo Antaktika wakati huo, Marekani na Warusi wakiwamo, na vita baridi imepamba moto. Zikaona zinaweza kufanya kazi bila kupigana, na Desemba 1, 1959 zikatia sahihi Mkataba wa Antaktika: hakuna jeshi, hakuna majaribio ya nyuklia, na madai yote ya "hapa pangu" yamewekwa kando. Ulianza kutumika 1961. Itifaki ya mwaka 1991 ikapiga marufuku uchimbaji wa madini, na ikataka hata mbwa waondolewe. Wa mwisho waliondoka 1994. Ukilinganisha na bara letu lilivyogawanywa kule Berlin, unabaki unatikisa kichwa.

Katika vituo vilivyoanzishwa kwa ajili ya mwaka ule kuna kimoja kiitwacho Halley, kilichofunguliwa na Waingereza mwaka 1956. Fuchs aliporudi aliendelea kuiongoza idara ya Uingereza ya Antaktika hadi 1973, na Halley ikawa chini yake. Pale kulikuwa na chombo cha kupima ozoni, ile hewa iliyo juu sana angani inayochuja miale mikali ya jua. Kazi ya kuchosha: kila siku yenye jua unapima, unaandika. Mwaka wa kwanza hakuna jipya. Wa pili hakuna. Wa kumi na tano hakuna. Hivi nani angetoa hela kwa kazi kama hiyo?

Halafu namba zikaanza kushuka, kila Oktoba. Mei 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin wakachapisha kwenye jarida la Nature kwamba ozoni ya majira yale juu ya Halley imepungua kwa zaidi ya theluthi moja. Satelaiti ya Marekani nayo ilikuwa imeona namba za chini, lakini zilikuwa zimewekewa alama ya kutiliwa shaka. Wale wa Halley walikuwa na daftari la karibu miaka 30 la kulinganishia. Waliopima miaka ya hakuna-jipya ndio waliotuokoa, maana bila wao ungejuaje kwamba kilichopo si cha kawaida?

Chanzo kilikuwa gesi za kwenye friji na makopo ya kupulizia. Mwaka 1987 ukaja Mkataba wa Montreal wa kuziondoa, na leo nchi zote za dunia ziko ndani. Sekretarieti yake iko Nairobi, pale Gigiri, kwenye makao ya shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira. Fundi friji wa mtaani kwako akikwambia gesi ya R12 haipatikani tena, anatumia R134a, ujue maneno hayo yametoka Halley. Na hiyo R134a nayo inapunguzwa, si kwa sababu ya ozoni bali kwa sababu inaongeza joto la dunia. Makubaliano yake yalifikiwa Kigali, Oktoba 2016. Tathmini ya wanasayansi ya mwaka 2022 inasema ozoni ya juu ya Antaktika itarudi kwenye hali ya mwaka 1980 karibu na mwaka 2066. Mimi na wewe tutakuwa wazee.

Fuchs alifariki Novemba 1999. Kisiwa cha kusini cha Turkana sasa ni hifadhi ya taifa ya Kenya. Kama kuna mdau wa Loiyangalani, au mwenye babu aliyewahi kusimuliwa habari za wale vijana wawili wa 1934, au wa huku Rukwa aliyesikia habari za msafara wa 1937, naomba aandike hapo chini kwenye maoni, hata kama ni mistari miwili. Vitabu vya Wazungu vinaeleza walichotafuta wao. Wapagazi, waongozaji njia na wavuvi waliokuwa nao sijawaona wakitajwa kwa majina.